Vikombe vya Josefina

Kila asubuhi huko Kakese, kabla ya kwenda kwenye jaruba la mpunga, Eufrazia alimketisha binti yake Josefina kwenye kigoda. Yeye mwenyewe alishika kijiti cha mpera.

"Hesabu," alisema.

"Moja, mbili, tatu..." Josefina alianza, macho yake yakiwa kwenye kijiti.

Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Chekechea ilikuwa mbali, kwa hiyo mama aliamua kumfundisha nyumbani. Uamuzi ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kijiti. Baada ya miezi miwili Josefina alifika hamsini bila kupumua, na mama yake akamtangaza mtaa mzima. Hata muuza dagaa alikuwa na habari za ile hamsini.

Jumatano moja, jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mama Tereza. Baada ya sala, Eufrazia alimsimamisha mtoto katikati ya watu. Josefina akahesabu mpaka hamsini. Watu wakapiga makofi.

"Huyu ni profesa," alisema Mama Tereza. "Haya profesa, niletee vikombe sita hapo jikoni."

Josefina alienda, akarudi na vikombe viwili. Akamtazama mama yake. Akaenda tena. Safari hii alirudi akiburuta beseni zima la vyombo, pamoja na vijiko na mwiko.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Eufrazia aliinama. "Sita. Si unaijua sita?" alinong'ona, akamfinya mtoto mkononi. Josefina hakulia. Alijificha nyuma ya mlango mpaka watu walipoondoka.

Kesho yake, Eufrazia alipokuwa akimwogesha, aliona alama ya kucha kwenye ule mkono mdogo. Hapo aibu yake iligeuka. Haikuwa tena aibu ya kuchekwa. Aliona aibu kwa alichokifanya, na hiyo haina pa kujificha.

Tangu siku hiyo Josefina hakuhesabu tena. Akiona kigoda, alikimbilia nyuma ya nyumba. "Mi sitaki shule," alisema. Na Januari alitakiwa kuanza darasa la awali. Mama yake naye aliacha kwenda jumuiya. Alisema mgongo unamsumbua.

Jirani yake Fausta akaja kumwona. Fausta aliwahi kufanya kazi miaka saba katika shule ya watoto wadogo ya masista, shule inayofuata njia ya Montessori. Katika njia hiyo mtoto hujifunza kwa kushika vitu na kufanya kazi kwa mikono yake.

"Pole, dada. Nasikia mgongo," alisema Fausta.

"Mgongo huu ni mzima," Eufrazia alijibu. "Naona aibu. Nimemharibu mtoto mwenyewe, kwa mkono wangu."

Fausta alikaa kwanza.

"Hujamharibu. Umempa majina ya namba, hujampa namba zenyewe. Kwake 'sita' ni neno la wimbo tu. Hajawahi kuishika."

"Mbona sisi tulifundishwa hivyohivyo? Si samaki mkunje angali mbichi?"

"Mkunje, ndiyo. Nani kasema umvunje?"

Fausta akaomba mkeka mdogo, bakuli la mahindi na trei la mayai. Alilikata trei, akabakiza vishimo kumi.

"Mahindi?" alisema Apolinari, mume wa Eufrazia, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli yake. "Kwetu chakula hakichezewi, shemeji."

"Hachezi, anafanya kazi. Akimaliza, atayarudisha yote kwenye bakuli. Asipoyarudisha, njoo unidai." Kisha akamgeukia Eufrazia. "Ila punje si za watoto wachanga. Wanaweza kuzimeza au kuziingiza puani. Hata huyu, ukae naye."

Fausta hakumwita Josefina. Alitoa punje kumi kwenye bakuli, akakaa mkekani, akaweka moja kwenye kila kishimo, polepole, bila kusema neno. Mtoto alichungulia kutoka nyuma ya nyumba. Akasogea. Mwisho akakaa.

Fausta alizitoa punje zile kumi, Josefina akajaribu. Akaweka punje mbili kwenye kishimo kimoja, na kishimo cha mwisho kikabaki kitupu. Eufrazia alifungua mdomo. Fausta akamshika goti.

"Acha. Trei litamwambia."

Josefina aliangalia kishimo kitupu. Akarudi nyuma, akaiona punje iliyozidi, akaihamisha. Halafu akatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Eufrazia alitazama pembeni, maana machozi yalimjia.

Kijiti cha mpera kiliingia jikoni kikawa kuni. Kila asubuhi mtoto alichagua kazi yake mwenyewe. Siku nyingine alimimina maji toka kikombe hiki kwenda kile. Siku nyingine alitenganisha maharage na karanga, au alichora herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga laini. Mama alionyesha mara moja, akakaa kimya. Kukaa kimya ndiko kulikuwa kugumu zaidi kwake. Akimaliza, mtoto alirudisha vitu mahali pake na kukunja mkeka.

Desemba, zamu ya jumuiya ikafika kwa Eufrazia. Wakaja watu tisa. Baada ya sala, Josefina aliinuka bila kutumwa. Alimpa kila mgeni punje moja ya mahindi, kisha akazikusanya tena, akazipanga mkekani, na juu ya kila punje akaweka kikombe. Punje moja ikabaki peke yake.

"Mama, kikombe kimoja kimepungua," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Eufrazia alipiga magoti mbele ya mtoto.

"Nilikufinya mbele za watu hawa," alisema. "Nakuomba msamaha mbele yao. Kosa lilikuwa langu."

Josefina akachukua punje moja kwenye bakuli, akaiweka kiganjani mwa mama yake.

"Wewe nilikusahau," alisema. "Vimepungua viwili."

Eufrazia aliifumba punje ile mkononi, akatoka kwenda kuazima vikombe viwili.