Jicho la Kushoto la Mzee Ketill

Kila vuli, kondoo wa bonde lote hushushwa kutoka mlimani. Huingizwa katika zizi moja kubwa, na kila mkulima huwatafuta wake. Kila shamba lina alama yake, iliyokatwa sikioni mwa kondoo.

Mzee Ketill alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alimshika kondoo pembe, akampapasa sikio, akamtaja mwenye kondoo. Watu walimsifu kwa vidole vyake. Hawakujua kwamba vidole vilikuwa vikificha jambo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufifia.

Mwaka huo, kondoo dume alimjia kutoka kushoto. Ketill hakumwona. Alipigwa kikumbo, akaanguka chali matopeni.

"Mzee, umeamua kulala hapa hapa?" jirani yake Hrafn alimcheka. "Dume zima hilo, hukuliona?"

"Uzee tu," Ketill alijibu, akijipangusa.

Mkewe, Hallbera, hakucheka; alikuwa ameshalishuku lile jicho. Jioni alimkaribisha kahawa Dagný, jirani yao aliye muuguzi, ili azungumze na Ketill.

"Jicho linauma?" Dagný aliuliza.

"Haliumi kabisa," Ketill alijibu. "Acheni maneno. Watu wakijua sioni, sitaingia tena zizini."

"Usipokwenda kupimwa, siku moja hutauona hata mlango wa zizi."

Ketill alimaliza kahawa yake akinung'unika. Kesho yake alikwenda kwa daktari wa macho. Alirudi amenuna.

"Eti lenzi ya jicho langu ina vijinyuzi vyeupe," alimwambia Dagný, aliyekuwa akimngoja nyumbani. "Mimi kondoo, niote sufu machoni?"

Hallbera alikuwa akiosha sufu jikoni. Dagný alimvuta Ketill hadi kwenye sinki.

"Tazama. Manyoya yameziba tundu. Maji yanafanyaje?"

"Yanajaa."

"Na jicho ni hivyo hivyo. Lina maji yake ndani, na yana njia ya kutokea. Vijinyuzi hivyo huwapata wazee wengi wa kwetu. Vikiziba njia, presha ya jicho hupanda na kuua mshipa wa kuonea, polepole, bila maumivu."

"Nitaona tena kama zamani?"

"Kilichopotea hakirudi. Lakini dawa ya matone aliyokupa daktari itashusha presha na kulinda kilichobaki. Utatia kila jioni, hata ukijiona mzima. Na usiache kupimwa."

Tangu hapo, kahawa ya jioni ikiisha, Hallbera hushika chupa ya matone na kusema, "Haya, bwana, inua uso."

Vuli iliyofuata, Ketill aliingia zizini. Daktari alikuwa amempima tena: presha imeshuka, jicho halijaharibika zaidi. Sasa aligeuza kichwa kushoto kabla ya kila hatua. Dume likamjia. Akalikwepa, akalidaka pembe. Watu wakashangilia.

"Nifundishe hiyo," Hrafn alisema. "Mimi siku hizi naona ukungu. Uzee tu."

Ketill aliliachia dume. Akamshika Hrafn ukosi wa koti, akampapasa sikio.

"Dagný!" alimwita muuguzi, aliyekuwa kando ya zizi. "Huyu si wa shamba lolote. Huyu ni wa daktari wa macho!"