Mémoire ya Mama Eugénie

Mikono miwili ilishika mashini moja siku ile sokoni Likasi, katika depo ya Mama Philomène, ambamo kompyuta mbovu zilirundikwa pamoja na feni, redio na masufuria yasiyo na mifuniko. Mkono mmoja ulikuwa wa Noëlla, aliyevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano. Mwingine ulikuwa wa Ruphin, fundi wa kompyuta, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Acha, mama. Minye njo niliiona mbele."

"Uliiona na macho. Minye niko naishika na mukono."

Ruphin alicheka. "Unapenda kuifanya nini? Ilisha kufa."

"Ni ya mama yangu. Ao ile. Ao ile ingine." Noëlla alionyesha mashini tano, zote zimefunikwa na vumbi lilelile.

Mama yake, Eugénie, alikuwa mwalimu. Kazi yake ya kumaliza masomo, ile wanafunzi wanayoiita mémoire, aliichapa katika ofisi ya mzee Godefroid, akafariki kabla ya kuitetea. Nakala ya karatasi haikuwepo. Ofisi ilipofungwa vyombo vyake viliishia hapa, na Jumatatu mnunuzi wa vyuma angebeba rundo zima.

Ruphin aliacha mzaha. "Unakumbuka nini juu yake?"

"Disketi iliingia, ikakataa kutoka. Mzee Godefroid akaivuta na koleo. Mama alicheka mpaka machozi."

Ruphin akapiga magoti vumbini. "Hizi mbili hapana, ni za juzi, hazina hata mulango ya disketi. Hii balitoa disque dur, kwenye maandishi yanakaa. Hii, mulango yake iko muzima." Akaipangusa ya tano kwa kidole gumba. Kwenye mdomo wa disketi palikuwa na alama za meno ya koleo. "Njo hii."

Noëlla aliushika mkono wake, kisha akauachia haraka.

Ruphin aliibeba mashini kwenda kuitengeneza, na juma lile simu hazikukoma.

"Noëlla, ulikula?"

"Nilikula. Mashini je?"

"Ah! Minye naulizia weye, weye unaulizia mashini?"

"Minye niko muzima, fundi. Yeye njo mugonjwa."

Alhamisi Ruphin alipiga akiwa na furaha tele. "Chérie, nilisha kujua! Mémoire njo iliungua. Nilisha kuitupa. Usiogope, nitatafuta ingine mu soko."

Noëlla akakata. Ingine! Kana kwamba mama yake aliandika kitu kinachouzwa kando ya nyanya. Simu ililia mara kumi juu ya kitanda. Hakuijibu.

Jumamosi asubuhi Ruphin alitokea uani kwa kina Noëlla, mashini begani, skrini kwapani, shati limelowa.

"Juu ya nini unakata simu yangu? Nilikosa nini?"

"Ulitupa mémoire ya mama yangu!"

Ruphin akaketi chini akicheka. "Barrette, mama! Kale kapande kadogo ka kusaidia mashini kufikiri. Siye bafundi tunakaita mémoire. Kazi ya mama iko mu disque dur. Hakuna muntu aliigusa."

"Sasa juu ya nini haukusema barrette?"

"Juu ulikata!"

Sebuleni tundu la umeme lilikuwa limelegea, ikabidi Ruphin aishike plagi kwa mkono. Skrini ikawaka. Baba Urbain, babake Noëlla, akasimama mlangoni.

Kazi ile ilihusu wanawake wanaouza chakula kwenye machimbo ya Kakontwe. Noëlla, akisoma kwa sauti, alifika kwenye shukrani, akasita: "Kwa binti yangu Noëlla, aliyelala mapajani mwangu nikichapa." Baba Urbain akavua miwani. Noëlla akaendelea. Alilia, halafu akacheka, aliposoma jinsi muuza mikate mmoja alivyomnyima msimamizi wa machimbo kifungua kinywa mpaka aseme bonjour.

"Mukono yako iko nachoka?" aliuliza.

"Hapana." Ruphin akashusha sauti. "Noëlla, bakubwa ya kwetu banaweza kuja kuona baba siku gani?"

"Ngojea nimalize."

"Inabakia page ngapi?"

"Makumi tatu na mbili."

Ruphin alibadilisha mkono, akaishika plagi upya. Baba Urbain aliondoka mlangoni, akarudi na kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya Ruphin.

"Ikala, mwana," alisema. "Eugénie aliandika mingi."