Mbwa Asiyekauka

Jua la Septemba huku Sitalike halina huruma na mtu. Anika kanga saa saba, geuka umsalimie jirani, ukirudi imekauka. Sasa huyo ni mbwa gani katoka ziwani mchana, kalala juani mpaka jua linaelekea kushuka, na bado anachuruzika maji?

Silvester alimwona. Akajifanya hakuona.

Huyu Silvester ndiye aliyekuwa na kambi ya mahema pale kwenye kiziwa cha Isenga, nje kidogo ya hifadhi. Ujanja wake ulikuwa mmoja tu: hifadhini mbwa haruhusiwi. Mtu anatoka Mpanda na familia na hema na mbwa wake, anarudishwa getini na hasira zake. Basi yeye akasimamisha kibao barabarani: KAMBI YA ISENGA, MBWA PIA KARIBU. Miaka hiyo ya tisini watu walikuja, wamisheni na wazungu wa malori, hata wakubwa wa mjini.

Safari hii alikuja Bwana Ndaki, mwenyekiti wa wazee wa kanisa lao pale mjini, na mkewe Bernadetha, na binti yao Minza, mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Mbwa wao aliitwa Tomi, mwekundu, mropokaji. Alibwekea nyani, akabwekea sufuria, akabwekea hata kivuli chake. Lakini tangu alipotoka kuogelea, hakubweka tena.

"Tomi ananuka kambare," Minza akasema huku akicheka, kamkumbatia shingoni. Gauni lake likalowa kifuani.

"Atakauka, mama," Silvester akamjibu.

Alijua, na hilo ndilo la kumlilia mtu huyu. Isenga lina mwenyewe. Mnyama mgeni akifika, kabla hajagusa maji, aliyempokea humshika sikio, hujaza unga wa mtama mdomoni, huupuliza kuelekea ziwani, kisha husema kwa sauti, "Huyu ni wetu, si wako." Mama yake Silvester, Bibi Nyamizi, ndiye aliyewafanyia hivyo mbwa wote wa kambi. Mpaka siku moja wageni wakampiga picha, unga umemjaa kidevuni, wakacheka wakashika mbavu. Silvester aliona aibu, jamani! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na Pasaka ilipofika, naye akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

"Mama," akamwambia, "wageni wakija, wewe ukae nyuma ya mianzi. Na mambo ya unga basi."

Mama wa watu akakaa. Mtu anamficha aliyemzaa kama anavyoficha gongo! Na kweli miezi ilipita, mbwa wakaja wakaenda, hakuna kilichotokea. Silvester akaona kumbe yalikuwa maneno ya wazee tu.

Jioni ile moto ukawashwa, Bwana Ndaki akaombea chakula. Bernadetha akamtupia Tomi mfupa, ukaanguka katikati ya miguu yake. Hakuunusa. Alikaa nyuma ya Minza, kidevu chake kakiweka kwenye bega la mtoto, akitazama midomo ya watu inavyotafuna.

Ndipo mbwa akabweka. Si huyu. Sauti ilitoka ziwani, nzito, kama ya mtu anayeitia ndani ya mtungi.

Bwana Ndaki akashusha tonge. "Kuna mbwa mwingine huku?"

"Wa warina asali, Mwenyekiti. Wako ng'ambo."

"Baba, mbona ni sauti ya Tomi?" Minza akanong'ona.

Na huku sauti ikiendelea kuita kutoka majini, ikinyamaza, ikiita tena, yule aliyekaa nyuma ya mtoto akageuza kichwa polepole, akawapita baba na mama na moto wenyewe, akamkazia Silvester macho, mdomo kaufumba, pua haipumui, maji yakimtoka kwenye manyoya na kuingia shingoni mwa mtoto, na Silvester akahisi haja ndogo ikimtoka, yeye mtu mzima, mzee wa kanisa, akaondoka kinyumenyume huku akisema anafuata kuni.

Nyuma ya mianzi alimkuta mama yake kaketi mlangoni pa kibanda chake.

"Hukumtambulisha," akasema Bibi Nyamizi.

"Mama, punguza sauti."

"Aliyeko pale si mbwa. Mbwa wao yuko chini, anaita. Sasa sikia. Kesho, kabla hawajafika barabarani, umshike sikio, upulize unga, useme mbele ya wenye mbwa: nilimpokea mgeni nisimtambulishe, kosa ni langu. Huyu atarudi majini, wa kwao atatoka."

"Si ufanye wewe, mama?"

"Kwani mimi ndiye niliyempokea? Mimi nilikuwa nyuma ya mianzi."

Silvester akainamisha uso. "Na wakiondoka naye?"

"Akifika nyumbani kwa watu, umbo la mbwa hana haja nalo tena. Atataka la anayelala naye. Mwenye umbo atamleta huku majini, yeye abaki kule mahali pake." Akamshika mwanawe mkono. "Mficha uchi hazai, baba. Sema."

Asubuhi Minza aliamka nywele zimelowa chapa. "Na umande wenyewe hamna," Bernadetha akalalamika, akimfuta kwa kanga, akimfuta tena. Mtoto alitetemeka, midomo imepauka. Bwana Ndaki akasema ni homa, wafunge hema haraka wampeleke nyumbani.

Silvester akajaza unga mdomoni. Kweli aliujaza, tusimsingizie. Akatembea mpaka kwenye gari, akanyoosha mkono kwenye sikio la yule mnyama, akaligusa, baridi kama tumbo la samaki. Kulikuwa kumebaki kupuliza na kusema tu.

"Mzee Silvester!" Bwana Ndaki akamgeukia, uso umejaa tabasamu. "Nilitaka kusahau. Jumapili tumekupanga usome Neno. Watu wanasema wewe ndiye mzee wa kweli, umeacha yote ya kale." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona mashavu yamekujaa hivyo? Una nini mdomoni?"

Jamani, neno moja tu! Mtoto yupo pale anatetemeka, mkono wake mdogo umeshika manyoya yale, anamtazama. Silvester akameza. Akaumeza unga wote mkavu, ukamkwama, machozi yakamtoka.

"Nilikuwa naonja unga wa uji, Mwenyekiti," akasema. "Safari njema."

Gari likaondoka. Yule wa nyuma alikaa wima kama mtu, kamwegemea Minza, na hakugeuka kutazama ziwa.

Asubuhi nzima Tomi alilia majini, kilio cha kukata maini. Silvester akafagia kambi, akafagia palipokwisha kufagiwa. Jua lilipopanda, saa ambayo gari huwa limekwishaingia Mpanda, Bibi Nyamizi akatoka nyuma ya mianzi, akasimama mbele yake.

"Ulisema?"

"Nilisema, mama."

Kilio kikakatika. Kisha Tomi akaanza kubweka upya, mbiombio, kwa furaha, vile alivyokuwa akibweka akimwona Minza anakuja.