Silikoni Iliyokataa Kuganda

Kila Jumamosi asubuhi Regina alifagia kliniki ya meno ya mama yake mdogo, Catherine, pale Mwembesongo. Kisha ikaja kazi aliyoipenda: kukanda silikoni ya kuchukulia umbo la fizi za wanaotaka meno ya bandia. Donge jeupe na donge la buluu hukandwa kwa vidole vitupu mpaka yawe rangi moja.

"Nawa kwa sabuni, na usiguse glovu za mpira," Catherine alimwonya tangu mwanzo.

Jumamosi hiyo alifika Bibi Agnes kutoka Kinole, kibogoyo, amewaletea fenesi.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Pasua, mle."

Utomvu wa fenesi unavyong'ang'ania vidoleni! Regina alichomoa glovu za mpira kabatini kwa siri, akazivaa. Alipoitwa kukanda, alizivua, akajifuta kwenye sketi, akaenda mbio.

Catherine alijaza silikoni kwenye trei, akaikandamiza kwenye fizi za bibi. Walisubiri. Catherine aliivuta trei. Silikoni haikuwa imeganda! Ilivutika, ikakatika, kipande kikateleza kuelekea kooni. Macho yalimtoka bibi pima.

"Inama, bibi!" Catherine alikiopoa kwa kidole.

"Uwii! Umenilisha ugali mbichi?" Bibi Agnes alihema.

Catherine alilinyanyua kopo la silikoni. "Kopo hili limeharibika. Nalitupa. Rudi mwezi ujao, bibi, nikipata jingine."

"Mwezi ujao? Nimechoka kumeza chakula kama bata!" Machozi yakamlengalenga.

Regina alijua akinyamaza hakuna atakayegundua.

"Usilitupe, mama mdogo. Ni mimi. Nilipasua fenesi kwa glovu za mpira, halafu sikunawa."

"Regina! Wewe!" Catherine alishika kichwa.

Alinawa mwenyewe, akakanda upya. Safari hii silikoni ilitoka ngumu, imebeba kila kikunjo cha fizi.

"Mpira wa glovu una salfa," alisema Catherine. "Ikibaki vidoleni, inakizuia kichocheo kinachogandisha silikoni. Kuanzia leo utafagia tu, mpaka nikuamini tena. Lakini umefanya vema kusema. Kosa ukilificha, mwanangu, linakwenda kumkaba mtu mwingine."

"Na mtu mwenyewe ni mimi," alisema Bibi Agnes, akijishika koo.