Maji Nayo Husafishwa

Mama Kidoti, fundi cherehani, alikuwa ameinama anasugua pipa la maji. Jasho linamtoka. Pipa linang'aa kama sahani mpya. Lakini Kidoti, mwanawe asiyetimiza hata miaka miwili, alilala mkekani hoi. Alikuwa akiharisha tangu juzi.

"Baba Kidoti, mimi sielewi," alimwambia mumewe. "Dawa ya maji tunayo. Natumia kila siku. Mbona mtoto haponi?"

Dawa ile waligawiwa kisimani. Pakiti iliandikwa Kiingereza kitupu, na neno kubwa kuliko yote lilikuwa "purify". Mume, dereva wa lori, ndiye aliyelisoma.

"Hilo ni kusafisha," alisema siku ile kwa maringo. "Kiingereza hakinipigi chenga, mke wangu."

"Kusafisha nini?"

"Pipa, basi! Utasafisha maji wewe? Maji ndiyo yanayosafisha!"

Mama Kidoti aliona ni kweli. Maji utayasafisha kwa nini? Kwa maji mengine? Basi akawa anaponda kidonge, anasugulia pipa, anasuuza, anamwaga. Kisha anajaza maji ya kisima na wanakunywa.

Jirani yao, nesi mstaafu, aliingia na gauni la kupunguzwa. Alipomwona mtoto, gauni likaanguka. Alimbana ngozi ya tumbo kidogo. Ngozi ikachelewa kurudi.

"Mwanangu, huyu amekaukiwa maji mwilini! Mbebe, twende zahanati. Sasa hivi!"

Zahanati walipewa maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha. Mama Kidoti akawa anampa kwa kijiko. Kidoti akimeza, naye anameza mate.

"Nimekosea wapi, mama?" aliuliza. Akaeleza habari ya pipa, mwanzo mpaka mwisho.

Nesi hakucheka. "Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Mgeni wangu kavaa nguo safi, mfukoni kaficha wezi."

Mama Kidoti aliwaza. "Mwanasiasa?"

Hapo nesi alicheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Maji, binti yangu! Unayaona meupe, kumbe yana vijidudu. Neno lile linasema toa uchafu wote, hata usioonekana. Kinachosafishwa ni maji yenyewe. Kidonge kinatiwa ndani ya maji."

"Ndani? Halafu mtu anywe dawa?"

"Ni kidogo, haidhuru. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Tia kidonge kulingana na ndoo, kama pakiti inavyosema. Koroga, funika, subiri nusu saa. Huna kidonge? Chemsha mpaka yatokote."

"Kumbe vidonge vyote nimevimwaga uani!"

"Vijidudu vya uani vimekoma," alisema nesi.

Jioni Kidoti alilia kwa sauti, machozi yakamtoka. Nesi akasema, "Mwache alie. Mtoto mwenye machozi ana maji mwilini."

Tangu hapo maji ya kunywa ya nyumba ile hutiwa dawa na kufunikwa. Juzi baba Kidoti alirudi safarini na kiu, akanyoosha kikombe. Mkewe akampiga kofi mkononi.

"Subiri. Bado yanasafishwa."

"Na nani? Mbona simwoni?"

Mkewe aligeuka. Kidoti alikuwa ameingia chini ya cherehani na kuuvuta uzi wote mpaka barazani. Mama yake alifungua mdomo amkaripie, lakini kilichotoka ni kicheko.