Swichi ya Chumba cha Chini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mitandao. Hospitali ilimwita atenganishe mtandao wa wodi na wa ofisi. Akiwa kwenye kompyuta huko juu, akakosea namba moja tu ya mipangilio ya swichi, kile kifaa kinachounganisha mitambo yote ya mtandao, na skrini za wagonjwa mahututi zikazimika zote, ya dada yake ikiwemo.

Akashuka mbio peke yake hadi chumba cha chini kwenye swichi. Kiza totoro, feni zikivuma. Akahangaika kurekebisha, wapi! Huku akilia, akachomoa umeme wa swichi ili aiwashe upya. Feni zikanyamaza.

Akiwa bado ameshika plagi, simu ya ukutani ikalia. Alikuwa muuguzi.

“Fundi, ahsante! Skrini zote zimewaka. Ila mwambie huyo mwenzako asogee kidogo, anapumua kwenye simu.”