Kovu Lililohama Upande

"Huyu mwanamke si wewe," dada mkubwa alisema kwenye simu. "Niko hapa kwenye maonyesho, namtazama pichani. Mmefanana mpaka shingo, lakini kovu lake liko juu ya jicho la kushoto. Lako liko kulia. Mimi nimekulea, sidanganyiki."

"Labda ni kivuli, dada."

"Kivuli gani cheupe? Na picha yenyewe nyeusi tititi, kama mchumba wako aliishiwa rangi! Gauni lako la harusi naliweka pembeni. Sishoni tena mpaka aseme huyu ni nani."

Mdogo mtu alikata simu, akaenda karakanani. Alimkuta mchumba wake, mchongaji wa picha za kuchapa, akipaka ubao wino mweusi kwa rola.

"Mwanamke wa kwenye maonyesho ni nani?"

"Ni wewe."

"Kovu langu liko wapi?"

Mchongaji alimtazama usoni, kisha akaitazama nakala iliyoanikwa kwenye kamba. Rola ikamponyoka.

"Masikini mimi! Nimesahau kugeuza."

"Kugeuza nini?"

"Ubao ukichapwa, kulia huwa kushoto. Kila picha huichora kwanza kwenye karatasi, nikaigeuza, ndipo nikachonga. Hii sikuichora. Siku ile ulikaa kwenye kiti kile ukinisubiri, nikachonga papo hapo, nikikutazama."

"Na mbona nyeusi ni nyingi hivi?"

"Nyeupe ni pale kisu kilipopita, pasiposhika wino. Usoni mwako sikuona cha kuondoa, ila hilo kovu na mwanga wa shavuni."

 Mwanamke aliitwaa nakala, akasogea kwenye kioo cha ukutani ambacho mchongaji hutumia kukagua mbao zake, akaishika kando ya kioo hicho huku akijitazama. Kovu la kwenye kioo na lile la kwenye karatasi yalikuwa upande mmoja.

"Nitachonga nyingine," mwanamume alisema. "Dada yako ana haki."

"Usithubutu."

Alitoa simu, akaandika: "Dada, ni mimi. Ndivyo ninavyojiona kwenye kioo kila asubuhi. Alisahau kugeuza ubao."

Jibu lilikuja upesi: "Kwa hiyo kakosea?"

"Kakosea."

"Kazi yake ya miaka yote, na kakosea sura ya mchumba wake! Na bado unamtaka?"

Aliusoma ujumbe huo huku mchongaji akiiokota rola sakafuni.

"Dada," akaandika, "mikono ya gauni isibane sana."